Bi Msanifu Kasema

Kwa miaka kadhaa nyumbani kwangu hakikuliwa chakula bila yeye kuwapo. Hakuja mwenyewe, alikuja ndani ya maneno ya binti yangu. Sahani ikiwekwa, bismillahi ikisomwa, kabla tonge la pili halijafika mdomoni, binti angeanza: "Bi Msanifu kasema." Bi Msanifu kasema chumba kisichaguliwe rangi kabla dirisha halijakatwa. Bi Msanifu kasema mabati mapya yanamtupia jirani jua la machoni. Bi Msanifu kasema mtu asiliamini jibu alilolipata mara moja. Mke wangu alisikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari. Mimi nilikuwa nikitafuna.

Nataka nimweleze mwanamke huyu kwa haki, na haki yenyewe inanitaka niseme mapema kwamba nilimwonea wivu. Nimesomesha dini maisha yangu yote, hapa Utange, Mombasa, na kabla ya Utange, na wanafunzi wakiniuliza huwa nawaeleza bila kusita: husuda ni kutaka neema ya mwenzio imtoke, ghibta ni kuitamani nawe uwe nayo pasipo yeye kupungukiwa. Ya kwanza ni haramu, ya pili haina ubaya. Ni somo jepesi kulisomesha. Wivu wangu ulikuwa na sura ya tatu ambayo sikuiona kitabuni, kwa sababu neema niliyoitaka ilikuwa tayari yangu. Ilikuwa binti yangu.

Binti huyu ndiye kitinda mimba wetu. Alikhitimu msahafu kwangu akiwa mdogo, akasoma skuli, akasomea usanifu wa majengo, na aliporudi alipata kazi kwa mwanamke mmoja mtu wa bara, ambaye ofisi yake ilikuwa sebule ya nyumba yake upande wa Shanzu, si mbali na mahakama. Watu wa mtaani kule walimwita Bi Msanifu. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye miwani miwili: mmoja puani na mwingine kichwani, na mara nyingi akiutafuta wa tatu. Alikuja pwani na mumewe aliyefanya kazi bandarini, mume akafa, yeye akabaki. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko alikotoka, kile ambamo dirisha ni "hii dirisha" na mwanga ni "hii mwanga." Sisi watu wa pwani tunapenda kusahihisha, tena mimi ni mwalimu, kila sentensi yake ilinipita sikioni kama mtoto anayeruka herufi. Aliniita Mwalimu, ilhali ulimwengu mzima unaniita Maalim. Na binti yangu naye akamwita yeye Mwalimu. Cheo hicho kilikuwa changu nyumbani tangu mtoto hajaota meno. Nikaona nimepunjwa.

Kazi yake ilikuwa mwanga. Zamani alichora nyumba kama wasanifu wengine, kisha akaacha kuchora, akawa anapokea ramani za wenzake na kuwaambia nyumba yao ikishajengwa mwanga wa mchana utaingia kiasi gani, na utafika wapi. Aliyafanya haya kwa programu ya kompyuta. Binti yangu alinieleza mara nyingi, hata nami naweza kueleza. Programu ile huichukua nyumba ambayo bado haijajengwa, ikaiwekea mbingu juu yake na jua lake, kisha ikatandaza vidoa ndani ya chumba, vingi, kwa mistari, kama punje zilizopangwa kwenye uteo. Kila kidoa huulizwa: wewe umefikiwa na mwanga kiasi gani? Majibu yakikusanywa, chumba hutoka kwa rangi, manjano penye nuru na buluu penye giza. Mwenye nyumba akiona manjano anafurahi na kulipa.

"Na hapo ndipo balaa linapoanza, Baba," binti yangu alisema, wali unapoa mbele yake. "Maana programu haikosi rangi. Ukiiuliza vibaya, inakupa rangi nzuri vilevile."

Bi Msanifu hakuwa mtu wa kufurahia rangi. Jibu likitoka zuri, hapo ndipo alipokunja uso. Kisa ambacho nilisimuliwa hata nikakichoka ni cha ukumbi wa kulia wa hoteli moja. Msanifu wa hoteli alileta picha yenye manjano hadi pembeni, kila mtu ameridhika. Bi Msanifu akachukua ramani ile, akayaziba madirisha yote kwenye kompyuta, akaziba na milango, kisha akaiendesha programu. Chumba kisicho na tundu kilitakiwa kitoke cheusi tititi. Kikatoka na mstari wa mwanga kandokando ya ukuta mmoja.

"Hapa kuna mwizi," akasema.

Mwizi akatafutwa. Ikaonekana kwamba katika ule mchoro paa na ukuta havikugusana. Palibaki mwanya mwembamba kuliko unywele. Nyumba ya kweli ingejengwa, fundi angepaziba bila hata kufikiri. Lakini programu haina fundi. Mwanga ulipita pale kama maji, ukaufanya ukumbi wenye giza uonekane bustani.

Nakiri ni kisa kizuri. Nilipokisikia mara ya kwanza nami nikatoa changu, cha mtoto mmoja aliyekuwa akikosea aya ileile kila siku, mpaka nilipogundua kwamba kosa lenyewe lilikuwa aya mbili nyuma, alipovuta pumzi pasipo mahali pake. Niliona visa viwili hivi ni ndugu. Binti yangu akaitikia kwa kichwa, akasema, "Naam, Baba," na akaendelea na hoteli.

Kanuni zake zilikuwa chache na alizisema kila siku. Kwanza chumba kitupu: kabla ya kuiuliza programu juu ya jengo la mtu, iulize juu ya sanduku moja lenye dirisha moja, ambalo jibu lake unalijua. Pili, endesha mara mbili bila kugusa kitu. Majibu yakipishana sana, usiguse jengo, tafuta kwanza kwa nini. Tatu, "badilisha kitu moja tu." Kwa hili la tatu alikuwa mkali. Vijana wa ofisini, programu ikiwapa jibu baya, hubadilisha rangi ya ukuta, na kioo, na saa, kwa pamoja, na jibu likipona hawajui lilitibiwa na nini. Yeye alikuwa akiwarudisha mwanzo, hata kama imebaki dakika chache mteja afike.

Alitembea na kipima mwanga, kidude cha kuenea kiganjani, amekivisha soksi ya mtoto mchanga kisikwaruzike. Alikitoa popote: benki, hospitali, harusini. Alipoalikwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati yetu ya madrasa, aliingia sebuleni mchana, akakuta taa inawaka, akaizima kabla ya kuamkiana na watu. Mwenyekiti alidhani stima imekatika. Bi Msanifu akaketi akiwa ameridhika, akasema, "Sasa tunaonana." Watu wakacheka. Mimi ningeizima taa ya mwenyekiti nadhani wasingecheka.

Na bado, mwanamke huyu wa mwanga aliishi gizani. Sisemi kwa kusengenya. Mke wangu ameshuhudia. Mwezi wa Ramadhani mmoja alimpelekea futari, kaimati na viazi vya rojo, akafika jua halijazama, akakuta mapazia yameshushwa nyumba nzima, mazito, akapapasa mpaka jikoni. Alipouliza, Bi Msanifu alisema mwanga ukimwangukia kwenye kioo cha kompyuta haoni rangi. Mke wangu akamwuliza, na chumba cha kulala je, kule kuna kompyuta? Akajibiwa kwamba huko ni mazoea. Niliposikia nilifurahi, Mungu anisamehe, nikala vizuri usiku ule.

Halafu alikuwa mchelewaji. Mtu aliyejua jua litaingia dirishani saa ngapi siku yoyote ya mwaka hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Na alikuwa na subira ya ajabu kwa programu lakini hana hata chembe kwa binadamu. Akigombana na muuza maji juu ya dumu lililovuja, Shanzu nzima ilijua. Angeweza kukaa siku mbili akimbembeleza kidoa kimoja kiseme kweli, kisha akamkaripia mteja aliyekohoa. Mambo haya nilimwonyesha binti yangu kwa upole. Akasema, "Ni kweli, Baba. Ndivyo alivyo," kwa sauti ambayo mtu humsemea mzazi wake.

Sasa nije kwenye chumba cha madrasa, kwa kuwa ndipo nilipomjua.

Madrasa yetu ilikuwa banda la mabati lenye vidirisha vya juu. Watoto husoma baada ya skuli mpaka karibu na magharibi, na stima ya kwetu haina ahadi. Kamati ikaamua kujenga chumba cha mawe, na binti yangu akajitolea kukichora, sadaka yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake, tangu msingi hadi paa. Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Na moyoni nikasema: safari hii ataniuliza mimi.

Akaniuliza kweli. Wiki nzima nilikuwa mfalme. Wangapi wanakaa safu moja? Wanaelekea wapi? Mimi nakaa wapi? Nikamjibu yote. Mezani jina la Bi Msanifu halikutajwa siku kadhaa, na hata samaki niliona ana ladha zaidi.

Alipomaliza kuchora akaiendesha programu, chumba kikatoka manjano. Kisha, kwa kuwa amefundwa asifurahie rangi, akagundua kosa. Programu ile, usipoiambia vingine, hutandaza vidoa vyake usawa wa meza, kwa kuwa walioitengeneza wanajua watu husoma mezani. Madrasa haina meza. Watoto wanakaa kwenye mikeka. Basi akavishusha vidoa vyote hadi sakafuni walipo watoto, akaendesha tena.

Chumba kikaharibika. Pembe ya ndani, upande wa kibla, ikawa nyeusi. Akaendesha mara ya pili bila kugusa kitu, weusi ukahamia mlangoni. Mara ya tatu ukatawanyika chumba kizima, madoamadoa kama surua. Programu ileile, chumba kilekile, na kila jibu linamkana mwenzake.

Na kuta zilikuwa zimeshapanda hadi usawa wa goti. Fundi wetu, mtu wa kutoka Kaloleni, mjuzi na mwenye maneno, alikuwa akingoja aambiwe madirisha yaanzie wapi na yaishie wapi, ili aendelee kujenga na kumwaga lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Lenta ikishamwagwa, madirisha yameshaamuliwa. Kwa ada yake fundi huyaanzisha usawa wa kifua, mpita njia asichungulie na mbuzi asiingie. Kamati ikasema itangoja mpaka Ijumaa. Kompyuta isipojua, fundi anajua. Mwenyekiti akaongeza kwa kicheko kwamba mababu walisoma bila kompyuta na wakahifadhi. Binti yangu alikuwa amesimama pale. Jioni ile sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Nilimwambia aombe dua, alale, kesho Mungu atafungua. Ni maneno ya kweli na sijutii kuyasema. Akasema, "Amin, Baba." Kisha akachukua simu, mbele yangu, akampigia mwanamke yule.

Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Nimefanya chumba kitupu, Mwalimu, kimetoka sawa. Nimeziba madirisha, ni giza, hakuna mwizi. Ndiyo. Mbingu?" Akafungua kompyuta. "Ah. Ni ya Nairobi. Imebaki kwenye ile kazi nyingine." Akabadilisha, akaweka mbingu ya Mombasa, akaendesha. Madoa yakabaki. Wakaangalia rangi ya kuta. Wakaiambia programu ifuatilie mwanga unaogonga ukuta na kurudi mara nyingi zaidi, maana wakati mwingine huchoka mapema. Kitu kimoja, jibu, kitu kimoja, jibu. Binti yangu, ambaye kwangu hakuweza kumeza tonge, alikuwa ameketi wima na macho yameamka.

Mwisho akasema, "Anataka kuja kuona watoto wakisoma."

Alisema atakuja saa nane. Alifika tumeshasali alasiri. Mke wangu akampa leso ajitande, akavua viatu mlangoni pasipo kuambiwa, akasimama akiliangalia lile banda letu la zamani, si paa, si madirisha, bali mkeka. Mkeka wetu ulikuwa umechakaa upande wa mlangoni, na kule pembeni bado una rangi zake. Aliuangalia muda mrefu. Mimi nimeupita mkeka ule maisha yangu yote. Nikajua alichokisoma: watoto huikimbia pembe ile.

Akaenda kuketi kwenye ile pembe. Magoti yake hayakutaka; ilikuwa safari, mkono mmoja kwangu na mmoja ukutani, na watoto wakiziba vinywa. Alipotulia akamwuliza mtoto wa kike aliyekuwa kando yake, "Hii kitabu unasoma sura gani?"

"Kitabu hiki, bibi," mtoto akasema.

"Kitabu hiki," akarudia, kwa heshima kabisa, kama mwanafunzi.

Akatoa soksi. Kipima mwanga akakiweka mkekani, akakisoma. Kisha akamtazama yule mtoto jinsi alivyoinama. Kila mtoto wetu ana marufaa mbele yake, kile kibao cha kukunja kinachobebea msahafu. Paliwapo moja tupu. Akaniomba ruhusa kwa mkono kabla ya kuligusa, akakiweka kipima mwanga juu yake, akasoma tena. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwalimu, msahafu inaweza kuwekwa chini?"

"Hapana," nikasema. "Hauwekwi chini, hata mkeka uwe umefuliwa leo."

"Hata kidogo tu? Mtoto akichoka?"

"Hata kidogo."

Akamgeukia binti yangu aliyesimama mlangoni. "Sasa wewe mbona umeiweka chini?"

Binti yangu hakuelewa. Kisha akaelewa, akaleta mkono mdomoni. "Vidoa," akasema.

Alikuwa amevilaza juu ya sakafu yenyewe, sawasawa nayo, na programu ikashindwa kuamua kidoa kipi kiko juu ya sakafu na kipi kimezikwa ndani yake. Kinachoonekana kimezikwa hakioni jua. Na kila ikiendeshwa ilivizika vingine. Kumbe hakuna aliyehitaji kujua mwanga wa sakafuni. Hakuna anayesoma sakafuni. Palihitajika mwanga wa juu ya marufaa, shibiri moja na kitu, pale unapokaa msahafu.

Binti yangu akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, na Bi Msanifu akacheka naye kutoka kwenye pembe yake, miwani ikimteleza. Mimi nilikuwa nimeshika kimti changu cha kuonyeshea herufi. Adabu ya msahafu nilimfundisha mimi binti huyu kabla hajajua kufunga kiatu. Na aliyemkumbusha, ndani ya madrasa yangu, mbele ya wanafunzi wangu, alikuwa mama wa kanisani aliyejitanda leso ya mke wangu. Alhamdulillahi, nilisema kwa sauti. Nilimaanisha. Lakini kifuani kulikuwa kunawaka.

Wakaviinua vidoa hadi usawa wa marufaa. Wakaendesha mara mbili, majibu yakawa mamoja. Bi Msanifu akatazama picha na kusema, "Haya, sasa ni ukweli. Na ukweli ni mbaya." Maana ile pembe ya ndani ilikuwa buluu kweli: kwa madirisha ya usawa wa kifua, kama ya fundi na kama binti alivyoyachora mwanzo, watoto wa pale wangesoma gizani kama walivyosoma bandani. Dawa ilikuwa kuyashusha madirisha chini sana, na kuupaka chokaa ukuta wa ua ili uwarushie mwanga ndani. Binti yangu aliisimamia hoja hiyo mbele ya kamati peke yake, Alhamisi, na kamati ikakubali. Fundi akajenga huku akilalama.

"Maalim, hili ni dirisha au kiti?" aliniuliza.

Nikamwambia afuate ramani. Nilisema kwa ukali kidogo, kwa kuwa ilikuwa ramani ya mwanangu.

Siku ya kukifungua chumba tulisoma dua, na niliomba kwa ajili ya Bi Msanifu, kwa siri na kwa ikhlasi, Mungu amlipe kheri na amwongoze. Yeye alifika watu wameshanawa mikono. Tulikuwa tumemfunikia biriani. Watoto wakasoma katika ile pembe bila kuinama, na nikajifunza jambo, kwamba shukrani na wivu vinaweza kukaa chumba kimoja, mkeka mmoja, na kimoja kisimfukuze mwenzake. Mezani maneno yakarudi palepale. Bi Msanifu kasema hivi. Bi Msanifu kasema vile.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, alikuja madrasa peke yake. Alikuja kabla ya saa aliyosema. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Watoto hawakuwa wamefika. Stima haikuwapo, na hatukuihitaji. Alikuwa na mkongojo, na magoti yake sasa yamekataa kabisa kukunjika, nikawa natafuta kiti na hatuna. Akaenda dirishani, akaketi kwenye kizingiti chake, palepale fundi alipopalalamikia, miguu ikagusa chini vizuri kama amepimiwa. Nikaketi mkekani. Nikawa namtazama kutoka chini, kama mwanafunzi, na jua la mchana limemwangukia begani.

Akasema anarudi bara kwa dada yake. Nyumba ameiachia, kazi anaiacha mikononi mwa binti yangu, kompyuta, wateja na ile soksi. Nikamwambia Mungu amtangulie. Nikamshukuru kwa yote aliyomfundisha mwanangu, moja baada ya moja, kwa urefu, na kila nililolitaja lilikuwa la kweli na lilinichoma kidogo likitoka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nakuonea wivu."

Nikadhani Kiswahili kimemponyoka.

"Kila siku pale ofisini," akasema. "Nikimwambia fanya hivi, ananiambia, Baba kasema. Baba kasema kosa unalolisikia si lazima liwe hapo unapolisikia, rudi nyuma aya mbili. Baba kasema usimkatize mtoto, atakuonyesha mwenyewe anapokwama. Baba kasema, Baba kasema. Mimi mtoto wangu ananipigia simu Krismasi tu. Huyu wako anakaa na mimi siku mzima, na siku mzima wewe uko hapo katikati yetu, umekaa."

Nikamwuliza alifanyaje.

"Nilikasirika, miaka. Halafu nikaanza kumwuliza. Tukikwama namwambia, haya, huyo Baba angesema nini hapa?" Akautazama mkongojo wake. "Ile siku ya marufaa sikuja kuangalia watoto. Hiyo nilimdanganya. Nilikuja kumwona huyo Baba ni mtu gani. Nikaona nikikaa kwa ile kona nitakuona vizuri."

Watoto wakaanza kuingia, shikamoo zikawa nyingi, na yule binti aliyemsahihisha siku ile, sasa mrefu, akamsaidia kusimama. Mlangoni Bi Msanifu akageuka akakiangalia chumba, ile pembe hasa, akaitikia kwa kichwa kama aliyepata jibu lilelile mara ya pili. Nikamsindikiza hadi barabarani. Nilimbebea mkoba.

Jioni ile sahani ikawekwa, bismillahi ikasomwa. Binti yangu alijua nani alikuja. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuwa na la kusimulia. Mezani kukawa na kimya ambacho kwa miaka nilikuwa nimekiomba, na nilipokipata sikukipenda. Akaniuliza polepole, je, Bi Msanifu aliniambia nini?

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Bi Msanifu kasema," nikaanza, na wote wawili wakaacha kutafuna.